Saa za ziada kwa wageni wa hoteli za Disney na Universal: mwongozo kwa familia za Unguja na Pemba

Familia za kwetu zimetawanyika. Mama yuko Michenzani, mtoto wake wa kwanza Toronto, wa pili London, na binti wa mwisho ameolewa Muscat. Wanapopanga kukutana likizo moja, wajukuu ndio wanaoshinda mjadala, na mji unaotajwa ni Orlando, Florida, Marekani, wenye viwanja vya kufurahishia vya Disney na Universal. Mimi huwapangia watu safari za namna hii nikiwa hapa Mjini, na swali ninaloulizwa sana ni hili: kwa nini tulale hoteli ya Disney yenyewe wakati nje ya lango zimejaa hoteli za bei nafuu?

Jibu ni muda. Mgeni wa hoteli anaingia kiwanjani kabla ya umma, na kwa baadhi ya hoteli anabaki ndani wakati wengine wameshatoka. Kwa mtu anayetoka Zanzibar, hasa mwenye bibi na watoto wadogo, saa za asubuhi zina thamani kubwa kuliko za usiku, na nitaeleza kwa nini. Lakini haki hii ina masharti, na anayeyajua nusu nusu hulipia kitu asichokitumia.

Kabla ya yote, viza. Kwa wenye pasipoti ya Tanzania, masharti ya kuingia Marekani yamekazwa sana tangu 2025. Usilipie chumba kisichorudisha fedha mpaka kila msafiri awe na uhakika wa ruhusa yake ya kuingia. Familia nyingi ninazozisaidia zina mchanganyiko: watoto wana pasipoti za Canada au Uingereza, wazee wana ya Tanzania. Ikiwa wazee hawawezi kupata viza ya Marekani, soma sehemu ya Paris huko chini kabla hamjaanza kugombana kuhusu Orlando.

Hatua ya 1: Zijue aina za saa

Walt Disney World, yaani Disney ya Orlando, ina viwanja vinne vya kufurahishia: Magic Kingdom (1971), EPCOT (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998). Zamani ulikuwepo utaratibu ulioitwa Extra Magic Hours, ambapo kiwanja kimoja kilifunguliwa mapema au kilichelewa kufungwa siku fulani. Utaratibu huo haupo tena. Jamaa aliyekwenda 2015 akikupa ushauri, mshukuru, lakini usiupangie safari.

Tangu Oktoba 2021 kuna taratibu mbili. Ya kwanza inaitwa Early Theme Park Entry: nusu saa kabla ya ufunguzi, kila siku, katika viwanja vyote vinne. Ya pili ni Extended Evening Theme Park Hours: masaa mawili baada ya kufungwa, katika usiku maalumu tu. Kwa kawaida EPCOT ni Jumatatu na Magic Kingdom ni Jumatano, ila ratiba huweza kubadilika, kwa hiyo iangalie kwenye kalenda ya Disney yenyewe kwa tarehe zenu.

Usichanganye hizi na sherehe za kulipia. Vipindi vya Halloween na Krismasi, Magic Kingdom hufanya sherehe za usiku zenye tiketi ya peke yake, na siku hizo mwenye tiketi ya kawaida anatakiwa atoke saa kumi na mbili jioni hata kama analala hoteli ghali kuliko zote. Anayenunua tiketi ya siku hiyo bila kujua anajikuta siku imekatwa kati. Kwa upande mwengine, watu wengi huikwepa siku kama hiyo, na mchana wake foleni huwa fupi. Mimi huipenda kwa familia ambayo bibi anataka kulala mapema.

Hatua ya 2: Chagua hoteli kwa macho makavu

Hapa ndipo fedha zinapopotea. Hoteli za Disney zina madaraja. La chini linaitwa Value: All-Star Movies, All-Star Music, All-Star Sports, Pop Century na Art of Animation. La kati ni Moderate, mfano Caribbean Beach, Coronado Springs na Port Orleans. La juu ni Deluxe: Contemporary, Polynesian Village, Grand Floridian, Wilderness Lodge, Animal Kingdom Lodge, Yacht Club, Beach Club na BoardWalk, pamoja na vyumba vya villa vya daraja hilo.

Nusu saa ya asubuhi ni ya wote. Anayelala All-Star Music anaingia dakika ile ile anayoingia aliyelala Grand Floridian. Masaa mawili ya usiku ni ya Deluxe na Deluxe Villa tu, pamoja na hoteli chache zisizoendeshwa na Disney: Swan, Dolphin, Swan Reserve, na Shades of Green ambayo ni ya wanajeshi wa Marekani.

Zipo pia hoteli za makampuni mengine zilizopewa haki ya asubuhi peke yake, zikiwemo za eneo la Disney Springs na mbili za Bonnet Creek: Signia ya Hilton na Waldorf Astoria. Hoteli nyengine zote, hata zikijitangaza kuwa ziko dakika tano kutoka langoni, hazina haki hiyo. Maneno "karibu na Disney" kwenye tovuti za kukodisha vyumba hayana maana yoyote mbele ya mashine ya kukagua. Litafute jina la hoteli yako kwenye orodha ya Disney kabla ya kulipa, na ulisome lote, kwa sababu jina moja la biashara linaweza kuwa na hoteli kadhaa Orlando, moja ikiwa na haki na nyengine haina.

Jambo linalowaumiza Wazanzibari zaidi ni ukarimu wetu wenyewe. Ami ana nyumba Kissimmee, jirani na Orlando, anasema mtalala kwake, ni aibu kulala hotelini. Sawa, lakini anayelala kwa Ami haingii mapema, na Ami mwenyewe haingii mapema nanyi hata akiwa na tiketi. Haki inakwenda na majina yaliyoandikwa kwenye chumba. Basi kama mnataka kumridhisha, laleni kwake siku za kutembeleana na wekeni hoteli siku za viwanja tu.

Hapo kuna njia nzuri ya kupunguza gharama. Haki ya kuingia mapema inaanza siku mnayofika hotelini, hata chumba kikiwa hakijawa tayari, na inaendelea mpaka siku ya kuondoka. Usiku mmoja wa chumba unawapa asubuhi mbili. Na kama vijana wanataka sana masaa ya usiku, chukueni Deluxe usiku mmoja tu, ule wa Jumatano wa Magic Kingdom, siku nyengine laleni Pop Century. Kulipa Deluxe wiki nzima kwa ajili ya usiku mmoja au miwili sioni sababu yake, isipokuwa mnaitaka hoteli yenyewe. Animal Kingdom Lodge, kwa mfano, ina twiga na pundamilia chini ya baraza za vyumba, jengo lake moja linaitwa Jambo House, na mikahawa yake ni Jiko, Boma na Sanaa. Wazee wetu hufurahi sana kuyasoma majina hayo mbali namna ile na nyumbani.

Hatua ya 3: Funganisha chumba, tiketi na majina

Chumba na tiketi ni vitu viwili. Kulipia hoteli hakukupi kuingia kiwanjani, na hata kwenye saa za ziada kila mtu lazima awe na tiketi halali ya siku hiyo. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi.

Pakueni programu ya My Disney Experience, na mteueni mtu mmoja wa kuisimamia, mwenye subira na simu nzuri. Aingize namba ya chumba, aingize tiketi, kisha ahakikishe kila jina limeungana na vyote viwili. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Bi Mwanakheri nyumbani na Fatma kwenye karatasi zake, na watu wawili tofauti wakaingia kwenye mfumo.

Fikirieni pia kama mnahitaji Park Hopper, yaani tiketi inayoruhusu kuhama kiwanja siku hiyo hiyo. Anayeshinda Animal Kingdom kisha akataka masaa ya usiku EPCOT anaihitaji. Asiyekuwa nayo ashinde EPCOT tangu mwanzo.

Kisha kuna Lightning Lane, njia ya kulipia inayopunguza foleni. Mgeni wa hoteli za Disney anaruhusiwa kuichagua siku 7 kabla ya kufika, na kwa siku zote za kukaa kwake mpaka 14. Asiyekuwa mgeni husubiri mpaka siku 3 kabla. Dirisha hufunguliwa saa moja asubuhi ya Orlando. Kwetu hiyo ni saa nane mchana majira yao ya joto, kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, na saa tisa alasiri miezi iliyobaki. Kwa anayepanga akiwa Unguja ni saa nzuri, hakuna haja ya kukesha. Wa Toronto ndiye atakayelazimika kuamka. Kumbukeni tu kwamba Lightning Lane ni ya saa za kawaida. Nusu saa ya asubuhi kila mtu anapanga foleni moja.

Hatua ya 4: Mjue nani ni wa asubuhi na nani ni wa usiku

Orlando iko nyuma yetu kwa masaa 7 au 8. Mtu aliyetoka Zanzibar jana yake, saa tisa za usiku za Orlando mwili wake unamwambia kumekucha tangu zamani. Ataamka, atasali, atakaa kitandani akingojea watu. Kwa siku za mwanzo, kufika langoni kabla ya saa mbili asubuhi si kazi kwake hata kidogo. Mwenyeji wa Marekani aliye likizoni analilazimisha hilo kwa saa ya kengele na malalamiko. Faida hii ni yenu bila malipo, itumieni kabla mwili haujazoea.

Usiku ni kinyume chake. Saa tano za usiku za Orlando, wakati masaa ya ziada yamepamba moto, kwa mwili wa bibi ni alfajiri ya mtu ambaye hajalala. Watoto waliotoka nyumbani nao watalia au watalala mabegani. Kwa hiyo mimi huwagawa: waliotoka Zanzibar na Muscat wachukue asubuhi siku tatu nne za mwanzo, vijana wa Toronto, ambao saa yao ni moja na ya Orlando, wachukue usiku. Wote wakutane alasiri na chakula cha jioni.

Na sala zinakaa vizuri kwenye mpango huu. Jua la Orlando huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwezi wa Juni, na baada ya saa moja kidogo mwezi wa Disemba, kwa hiyo alfajiri imeshasaliwa chumbani kabla ya kutoka. Adhuhuri ya majira ya joto inaingia baada ya saa saba mchana, wakati ambao tayari mnatakiwa mmerudi hotelini. Kitu kitakachowashangaza ni magharibi. Sisi tumezoea jua kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Orlando mwezi wa Juni linazama baada ya saa mbili usiku, na isha inaelekea saa nne. Anayekwenda masaa ya usiku apange isha yake kabla ya kuingia foleni ndefu.

Hatua ya 5: Asubuhi yenyewe

Tuseme kiwanja kinafunguliwa saa tatu. Wageni wa hoteli wanaingia saa mbili na nusu. Nyinyi muwe langoni saa mbili kasorobo. Nusu saa hii inapatikana au inapotea kabla haijaanza: anayefika saa mbili na nusu kamili anakuta mamia wamesimama mbele yake, na mpaka apite ukaguzi wa mikoba umma nao umeshafunguliwa. Aliyewahi kuwapeleka watoto kwenye pembea za Kariakoo siku ya Idd anajua tofauti ya kutangulia kidogo na kuchelewa kidogo.

Kwenye kundi la familia la WhatsApp andikeni saa kwa namna mbili, "7:45 AM, saa mbili kasorobo asubuhi". Waliokulia nje husoma kwa saa ya Kizungu, wazee kwa yetu, na sina haja ya kueleza inakuwaje mtu akingojewa saa saba.

Usafiri una maana kubwa. Kwa Magic Kingdom, tumieni basi la hoteli, linashusha karibu kabisa na lango. Anayekwenda kwa gari huegesha ng'ambo, kisha anapanda feri au treni ya juu kuvuka, na muda unaishia njiani. Ami akisisitiza kuwapeleka kwa gari lake, mwambieni awapeleke Animal Kingdom au Hollywood Studios. Waliolala Contemporary wanaweza kwenda Magic Kingdom kwa miguu, na wa Pop Century na Art of Animation wana magari ya kamba ya Skyliner mpaka EPCOT na Hollywood Studios.

Ndani, si kila pembea inafanya kazi nusu saa hiyo. Magic Kingdom hufunguliwa sehemu za Fantasyland na Tomorrowland. Wengi wanakimbilia Seven Dwarfs Mine Train au TRON. Kwa familia yenye bibi na mtoto wa miaka miwili, ushauri wangu ni Peter Pan's Flight kwanza. Ni vijahazi vinavyopaa juu ya taa za London, havina sharti la urefu, familia nzima inapanda, na foleni yake inachosha siku nzima kwa sababu kila kijahazi kinachukua watu wachache. Saa mbili na nusu asubuhi mtapanda karibu bila kungoja.

Wenye watoto wakubwa wapime urefu nyumbani kabla ya kuahidi chochote: Seven Dwarfs Mine Train sentimita 97, Space Mountain 112, TRON 122. Mtoto anayerudishwa mlangoni baada ya kuahidiwa anaumia, na asubuhi yote inaharibika. Wazazi wenye mtoto asiyefika urefu waombe Rider Switch kwa mfanyakazi wa mlangoni: mmoja anapanda, mwengine anakaa na mtoto, kisha wanabadilishana bila kurudia foleni nzima.

Animal Kingdom, wapenda vishindo waende Avatar Flight of Passage (sentimita 112) moja kwa moja. Kilimanjaro Safaris kwa kawaida husubiri ufunguzi wa umma, msiikimbilie. Ikifunguliwa, bibi apite taratibu kwenye kijiji cha Harambe kilichojengwa mithili ya mji wa pwani ya Afrika Mashariki, na kuta zilizochujuka kama za kwetu.

Tokeni kabla ya adhuhuri. Kiangazi cha Florida kina mvua za radi karibu kila alasiri, na pembea za nje hufungwa radi ikikaribia. Laleni, ogeni, rudini jua likipoa.

Hatua ya 6: Usiku, kwa wanaoutaka

Masaa mawili ya usiku yanaanza kiwanja kinapofungwa. Aliye na haki anakaguliwa kwa simu au kwa MagicBand ya mkononi, na asiye na haki anaelekezwa kwenye njia ya kutoka. Kuleni kabla, maana sehemu nyingi za chakula hufungwa. Msikae kwenye maduka ya zawadi dakika za mwanzo. Dakika za mwisho ndizo tupu kuliko zote, na anayeingia foleni kabla ya saa kufika anaruhusiwa kumaliza. Hapo vijana hupanda pembea moja mara mbili tatu mfululizo.

Universal

Hapa mambo ni mafupi. Hoteli za Universal zinatoa Early Park Admission, mpaka saa nzima kabla ya umma, lakini kwa kiwanja kinachotangazwa kwa tarehe hiyo. Angalieni kalenda kwanza, kisha mchague siku. Anayetaka sehemu za Harry Potter aitumie saa hiyo huko. Kiwanja kipya cha Epic Universe kilifunguliwa 22 Mei 2025, na hoteli zilizo jirani nacho ni Stella Nova, Terra Luna na Helios Grand.

Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific zina zawadi kubwa zaidi: tiketi ya Express ya kuruka foleni bila kikomo kwenye Universal Studios Florida na Islands of Adventure, imo ndani ya bei ya chumba. Haifanyi kazi Epic Universe. Kwa familia ya watu wanne au watano, piga hesabu ya Express ikinunuliwa peke yake kwa kila mtu kabla hujasema chumba ni ghali. Hii ni hoteli ya juu ninayoitetea, kwa sababu faida inatumika mchana kutwa na wote waliomo chumbani wanaipata.

Paris, kwa ambao Marekani haiwezekani

Disneyland Paris ilifunguliwa 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, mashariki ya jiji. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen. Saa ya ziada inaitwa Extra Magic Time, ya wageni wa hoteli za Disney, na kwa kawaida inaanza saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu na nusu, mara mbili ya ile ya Disney ya Orlando. Hoteli hizo mara nyingi huuzwa pamoja na tiketi, kwa hiyo soma vizuri kilichomo kabla ya kununua tiketi mara ya pili. Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na mbili majira ya baridi, kwa hiyo bibi hatakuwa na uchovu wa saa, na wa London anakuja kwa treni.